Mahali Pasipopandwa Migomba

Juzi Anitha, binti wa mwanangu Mutalemwa, alikuja kwangu hapa Rubya na bahasha nene kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Akaimwaga mezani: barua ya chuo, barua ya benki, bima, picha sita, cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kuthibitisha kwamba kile cheti cha kuzaliwa ni cheti kweli. Akaniuliza, bibi, wewe uliyeishia darasa la nne ulipataje viza ukiwa safarini, tena katika nchi ya watu, wakati mimi nina yote haya na bado nahofia kunyimwa?

Nikamwambia akunje karatasi zake kabla kuku hawajapanda mezani. Halafu nikaona si yeye tu. Kila mwezi kuna kijana anapanda hiki kilima kuja kuniuliza hivyo hivyo, kama kwamba nimeficha viza chini ya mtungi. Basi nimenunua daftari. Naandika mara moja, msome wote, mniache nichambue maharage yangu.

Kazi yangu ilikuwa mabondo. Ninyi mnakula minofu ya sangara na kujiona mmemaliza samaki. Tumboni mwake kuna kifuko cha hewa, cheupe, kinateleza, na hicho ndicho bondo. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunawatupia paka. Paka wenyewe walikuwa wanafikiri kwanza. Halafu wakatokea watu wa Mashariki ya mbali wanaolipika supu na kulipa bei ya ng'ombe kwa kitu tulichokuwa tunakikanyaga, na ghafla kila mtu wa Muleba akawa na mjomba anayejua mabondo.

Nchi ile sitaitaja. Wajukuu zangu bado wanaomba viza kwao.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura binti Sefu, wa Bilele, pale Bukoba mjini. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akaoa Mhaya, akabaki. Yeye Bi Zuhura aliuza mabondo akiwa amevaa baibui safi isiyo na tone la damu ya samaki, na mpaka leo sijui aliwezaje. Alinionyesha kushika bondo kuelekea jua: likipitisha mwanga kama karatasi ya mafuta, ni zuri, likionyesha wingu, kuna damu haikubanduliwa, na litaoza njiani. Alinionyesha kubandua ngozi ya juu kwa ukucha wa kidole gumba, siyo kwa kisu, maana kisu kina haraka. Siku ya kwanza nilitoboa mabondo kumi na moja. Akayapanga mstari juu ya chanja, akawaita wavuvi, Rashidi Mkerewe na Joventus na mwenzao Masumbuko, akawaambia waje waone mwanamke aliyegundua namna mpya ya kutengeneza chujio.

Nilikuwa nakwenda visiwani kwa boti kununua, nakausha, nafunga kumi kumi kwa ukambaa wa mgomba. Hilo la ukambaa mlikumbuke, nitalirudia. Wenzangu walitumia kamba za nailoni kwa sababu ni za kisasa. Ukambaa hauna usasa, lakini haukati bondo likisinyaa. Tulikuwa wanawake wanane wenye mtindo huo, na wanunuzi wa ng'ambo walitujua kwa fundo letu hata bila kutujua sura.

Mzigo ulipitia Kampala. Ninyi watoto mnaosoma ramani mnashangaa, lakini kutoka Bukoba ukiondoka alfajiri, ukavuka mpaka wa Mutukula, jioni uko Kampala unakunywa chai. Dar es Salaam, ambako ndiko balozi zote zilikowekwa, ni safari ya mchana na usiku na mchana mwingine, na ukifika miguu imekuwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo kwangu mimi nchi ya jirani ilikuwa karibu kuliko nchi yangu. Jaribuni kumweleza hivyo afisa wa viza. Mimi nilijaribu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa Kampala nimepeleka mzigo, nimefikia kwa Yustina wa Kamachumu, aliyeolewa huko, ndipo simu ikaja kutoka ng'ambo. Magunia yetu saba ya safari iliyotangulia yamefunguliwa, yamekutwa yana mabondo yaliyooza na mchanga wa kuongeza uzito. Mnunuzi anasema watu wa Muleba ni wezi. Magunia yatachomwa moto mwisho wa mwezi na hatanunua tena kwa yeyote kati yetu, isipokuwa mmoja wetu aende, asimame mbele ya mkaguzi, afungue magunia kwa mkono wake na kusema haya ni yetu au si yetu.

Wanawake wanane. Restituta alikuwa analea wajukuu watano kwa kazi ile. Ma Koku, Fides, Adventina, Hadija wa Kerebe, sitawataja wote msije mkachoka. Kazi ya miaka yote ile ingeishia kwenye jina la wezi wa mchanga. Na aliyekuwa na pasipoti ni mimi peke yangu, kwa sababu Bi Zuhura alinilazimisha niikate miaka miwili kabla, akisema mfanyabiashara bila pasipoti ni kuku mwenye mguu uliofungwa.

Siku zilibaki kumi na sita. Kurudi Bukoba, kwenda Dar, kuomba, kusubiri, haiwezekani. Nikaamua kuomba hapo hapo Kampala. Yustina akaniambia sitapata, mumewe akaniambia sitapata, na mwenye duka la kurudufu karatasi aliponipiga picha alinipa bei ya picha na maoni kwamba sitapata bila malipo ya ziada.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, kabla ya mengine.

Picha ipigwe mbele ya kitambaa cheupe, uvue kilemba, usicheke. Wanataka uso wa mtu aliyefiwa. Jina liandikwe kila mahali kama lilivyo kwenye pasipoti. Mimi padri aliyenibatiza aliandika Paskazia, karani wa kijiji akaandika Paskazya, na kwa hiyo herufi moja nimeapishwa mbele ya wakili mara mbili kwamba mimi ni mimi. Hesabu kurasa tupu za pasipoti kabla hujaipeleka. Rudufu kila kitu. Na kubwa kuliko yote: ukiomba viza ukiwa ugenini, unawapa pasipoti, na wakishaikalia wewe umebaki pale kama mbuzi kwenye kamba, huwezi kwenda mbele wala kurudi nyumbani. Kwa hiyo kitambulisho kingine usikiache kabatini Rubya kama mimi.

Haya. Jumatatu nikaenda ubalozini kwao. Nilipewa namba arobaini na saba. Ukumbi una baridi ya mashine, viti vya chuma, na watu wote wamekaa kama wanasubiri majibu ya ugonjwa. Ikaitwa namba yangu. Dirisha lilikuwa la kioo, limeanzia juu kifuani, na nyuma yake alikaa afisa wao, mzee mwenye mvi kichwa kizima, miwani, suti. Pembeni yake msichana wa Kiganda wa kutafsiri.

Bi Zuhura alikuwa ameniambia kwenye simu nimsalimie mkubwa yule kama ninavyomsalimia baba mkwe. Yeye alimaanisha kwa heshima. Mimi ni Mhaya. Baba mkwe nilimsalimia kwa magoti miaka ishirini. Basi nikapiga magoti.

Nikainamisha kichwa, nikamsalimu kwa Kihaya salamu yote ya asubuhi, nikauliza habari za nyumbani kwake, nikasubiri ajibu. Kimya. Nikafikiri labda ni mtu wa kujibu polepole. Nikaongeza salamu. Juu yangu nikasikia kengele, na viatu vikubwa vya mwanaume vikaja vikasimama karibu na vidole vyangu. Namba arobaini na nane. Yule mzee alikuwa ameona mwanamke akija dirishani kisha akazama. Akangoja kidogo, akaona hakuna mtu, akabonyeza.

Nilipoinuka namba yangu ilikuwa imepita. Mlinzi akanieleza kwa upole mkubwa kwamba namba ikipita imepita, na maombi yanapokelewa Jumatatu na Alhamisi tu. Nikamwambia nilikuwepo. Akasema kwenye mashine sikuwepo.

Yule msichana wa kutafsiri alinikimbilia mlangoni. Anaitwa Proscovia Nakato, yaani pacha wa pili. Mwenzake Babirye alikuwa anafundisha Masaka. Kiganda chake na Kihaya changu ni kama vyumba viwili vinavyogawana ukuta, unasikia karibu yote. Na kwao pia wanawake wanapiga magoti, kwa hiyo alikuwa ameelewa, ila amechelewa kusema.

"Nnyabo," yaani mama kwa Kiganda, akaniambia, "Alhamisi usipige magoti. Kioo hiki hakijafundishwa adabu."

Siku tatu zimekwenda. Zilibaki kumi na tatu.

Alhamisi nikasimama wima kama mlingoti. Nilijisikia mtovu wa adabu mpaka jioni. Mzee akauliza kwa nini siombi kwetu. Nikamwambia kwetu ni mbali kuliko hapa. Nakato akatafsiri. Mzee akauliza tena, akidhani amekosea kusikia. Nikamwambia tena. Akaandika kitu kirefu. Nadhani aliandika kwamba mama huyu hajui anakotoka.

Halafu akaja kwenye lile swali ambalo ninyi nyote litawakuta, muwe na bahasha nene au nyembamba. Nitajuaje kwamba utarudi? Akaomba hati ya nyumba. Kibanja, nyumba na migomba yake, ni cha ukoo wa mume wangu, na ukoo hautoi hati, unatoa maneno. Akaomba barua ya mwajiri. Mwajiri wangu ni sangara. Akaomba taarifa ya benki. Nikamwambia naweka kwenye kikundi cha wanawake, tunamwamini Adventina. Akaomba cheti cha ndoa. Nikasema mume amekufa. Hapo akainua kichwa, na nikaona nimeongeza tatizo: mjane, hana hati, hana benki, hana mwajiri, ana kila sababu ya kupotelea kwao. Na mimi nilikuwa nataka nikafungue magunia saba nirudi nivune maharage.

Akanipa mpaka Jumatatu. Nilete kitu kimoja, alisema, kimoja tu, kinachoonyesha kwamba lazima nirudi. Pasipoti akabaki nayo.

Nikampigia Bi Zuhura. Nikamwomba amtafute mtu aende Rubya, apige picha nyumba yangu, ile ya bati yenye baraza, na migomba, aitume kwenye simu ya Yustina. Hakumtafuta mtu. Alikuwa na miaka sabini na kitu, akapanda gari Bukoba stendi mwenyewe na baibui yake, akashuka Muleba, akapanda pikipiki mpaka Rubya, akamwamrisha Mutalemwa amzungushe kibanja kizima.

Jumamosi picha ikafika. Yustina aliitazama akanipa simu. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kaburi la mume wangu Deogratias, lile la saruji lenye msalaba, na kidole cha Bi Zuhura kwenye pembe moja. Nikampigia nikiwa na hasira. Nikamwambia nimekutuma nyumba, umenipigia kaburi, unanitabiria?

"Nyumba unaweza kujenga hata huko uendako," akasema. "Tazama picha vizuri. Sisi tunazikwa popote jua linapotukuta. Ninyi Wahaya hamwezi hata kufa vizuri mbali na migomba yenu."

Nikaitazama vizuri. Kushoto kwa Deogratias palikuwa na nafasi ya upana wa kitanda, imefagiliwa. Kote kuzunguka ni migomba, imebanana mpaka majani yanapigana. Pale tu hapana kitu. Niliiacha mwenyewe siku ya mazishi, na nimeipalilia kila wiki tangu hapo, na sikuwahi kufikiri ni karatasi.

Mwenye duka la kurudufu alinichapia kwa rangi. Akaniambia sitapata.

Jumatatu. Zilibaki siku tisa. Nikaipitisha picha chini ya kioo. Mzee akaiweka karibu na miwani. Akauliza huyu ni nani. Nikasema mume wangu. Akauliza kidole ni cha nani. Nikasema cha mwalimu wangu, na kwa hicho anisamehe. Akaweka kalamu yake juu ya ile nafasi.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu."

"Kote kumepandwa. Hapa kwa nini hapakupandwa?"

"Ni pangu."

Nakato aligeuka kumtazama mzee. Akasema kwa lugha yao, neno fupi. Mzee akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Kisha akauliza, kama mtu anayetaka kweli kujua, na ukifia kwetu?

Nikamwambia, "Basi mtanirudisha ninyi. Na hapo mtajaza fomu nyingi kuliko hizi."

Nakato aliinamisha uso mpaka nikaona mstari wa nywele zake tu, mabega yanatikisika. Sijui alitafsiri yote au nusu. Mzee hakucheka. Alivua miwani akaifuta, akagonga muhuri kwenye risiti, akaniambia nirudi Alhamisi. Nilipoondoka dirishani niligeuka nikapiga goti moja, dogo, pembeni ambapo kioo hakifiki. Mzee aliinuka kidogo kwenye kiti chake ili aone nimekwenda wapi.

Viza ilikuwa ya siku thelathini. Nilitumia tisa, pamoja na za angani.

Kuhusu magunia sitawachosha. Nilisimama mbele ya mkaguzi nikafungua la kwanza. Mabondo yameoza kweli, mchanga kweli, na yote yamefungwa kwa kamba ya nailoni ya bluu. Nikatoa mkobani kifungu nilichobeba kama mfano, kina ukambaa na fundo letu, nikakiweka pembeni. Mnunuzi alivishika vyote viwili kwa muda mrefu. Hakuhitaji mtafsiri. Mzigo ulibadilishwa Kampala, kwenye ghala la dalali aliyekuwa akitusafirishia. Jina lake nalikumbuka, na la baba yake, na la mtaa, lakini ana watoto na watoto hawakufunga zile kamba. Mnunuzi akafuta neno wezi, na tangu siku hiyo akataka fundo la ukambaa kwenye kila kifungu. Wale wenzetu wa kisasa wa nailoni wakaja Bukoba kujifunza kufunga. Bi Zuhura aliwafundisha, na kila aliyekosea aliwekewa wavuvi wa kumtazama.

Nikarudi. Mutukula wakanigongea muhuri, jioni nikashuka Muleba, nikachukua pikipiki ya Jovin mwana wa Theonest, nikafika nyumbani, na kabla ya kuvua viatu nikaenda kumsalimia Deogratias, nimweleze.

Kushoto kwake palikuwa na mgomba.

Mdogo, umepandwa vizuri, samadi imezungushwa, umemwagiliwa asubuhi hiyo. Nikamwita Mutalemwa. Akaja anafuta mikono.

"Nani kapanda hapa?"

"Mimi, mae. Nilidhani hurudi. Watu walisema wanaokwenda huko hawarudi, nikaona pasikae bure."

Nimezaa watoto watano, na huyu ndiye niliyemnyonyesha muda mrefu kuliko wote. Mzee wa ng'ambo ambaye hakujua hata kijiji changu kiko upande gani wa ziwa alitazama picha moja akaamini. Mwanangu anayekula kwenye kibanja hiki alisubiri siku ngapi tangu nipande ndege? Nilimuuliza. Akasema nne.

Nikamwamuru ang'oe. Akang'oa. Nikamwamuru asifukie. Shimo lilikaa wazi wiki nzima karibu na njia, na kila jirani aliyepita akauliza lina nini, na kila mmoja nilimweleza mwanzo mpaka mwisho, Mutalemwa akiwa amesimama hapo na jembe.

Kwa hiyo Anitha, hizo karatasi zako ni nzuri, zipeleke. Picha usicheke. Ukiulizwa kama utarudi, jibu unachokijua, usijibu unachodhani wanataka. Ila kabla hujaondoka, mwite baba yako, mkae naye barazani, na umwambie tarehe ya kurudi mbele yangu. Mimi viza yangu naifahamu. Naikalia kigoda kila asubuhi, pale kushoto kwa Deogratias, na ungo wa maharage, na jembe la baba yako nimelifungia ndani.